Mistari Minne Kuhusu Daraja

Mzee Eshqobil hakuinuka mlango ulipofunguliwa. Alikuwa ameketi kwenye kona ya chumba cha mahabusu, kofia yake ameiweka magotini, na uji wa asubuhi umeganda mbele yake bila kuguswa.

"Hujala tena," Kapteni Mukarram Yoqubova alisema.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa?"

"Maneno, binti yangu. Kila siku mnaniuliza yale yale."

Mukarram akavuta kigoda, akakaa. Miaka kumi na minane ya upelelezi ilikuwa imemfundisha jambo moja kuhusu waongo, kwamba kila siku huongeza chumvi. Mzee huyu alikuwa ndani wiki ya tano sasa na hakuwahi kuongeza hata chembe.

"Leo ni mara ya mwisho," alisema. "Jalada linatoka mezani kwangu kesho saa nne asubuhi. Likishatoka si langu tena, ni la mahakama. Wanataka kukupa miaka saba kwa kuficha hatari na kusababisha kifo. Una miaka sitini na minane. Piga hesabu mwenyewe."

"Nimeshapiga."

"Haya. Daraja lilikuwa bovu. Ulijua?"

"Nani ajue kama si mimi? Miaka thelathini ni mimi ninayelipigilia misumari."

"Ulimwambia nani?"

"Serikali."

"Serikali ipi, mzee wangu? Nimesoma barua zote zilizofika wilayani tangu mwaka juzi. Yako haimo."

"Si kwa barua. Kwa mdomo. Nilimwambia yule mwanamke wa kizungu."

"Yule si serikali. Ni mwanablogu. Anaandika habari za safari kwenye mtandao."

Mzee akamtazama kwa huruma, kana kwamba aliyefungiwa mle ndani ni Mukarram.

"Alikuja na gari la idara, lina nembo mlangoni. Kijana wa idara akamfungulia mlango, akambebea begi. Mwenyekiti wa kijiji akamchinjia kondoo. Wewe ungesema ni nani, mpita njia?"

Mukarram akafungua jalada magotini.

"Nilimpeleka darajani mwenyewe," mzee aliendelea. "Nikamwonyesha mbao saba za katikati, zimeoza. Nikamwambia avuke mtu mmoja mmoja, na mvua ikinyesha asivuke mtu kabisa mpaka mbao zikauke siku mbili. Akaandika kwenye daftari. Nikasimama pale pale mpaka akamaliza. Nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu, alhamdulillahi, leo limefika juu."

Lilikuwa halijafika popote, maskini. Makala ya yule mwanamke kuhusu kijiji cha Omonsoy ilitoka tarehe kumi na mbili Aprili, ikasomwa na watu wa nchi nyingi, na haikuwa na neno hata moja baya kuhusu daraja. Tarehe kumi na nane Mei, siku moja baada ya mvua, wageni sita walipanda darajani kwa pamoja kwenda kutazama michoro ya miambani ng'ambo ya korongo. Ubao ukavunjika chini ya mmoja wao. Msichana aliyewaongoza, Oysuluv, miaka kumi na tisa, alirudi kumvuta. Mgeni akadaka waya, akapona. Oysuluv ndiye aliyekwenda na maji. Siku hiyo mzee Eshqobil alikuwa kwenye harusi ya mpwa wake bonde la pili, ametulia, akijua kila mgeni ameshasoma.

Na yule mwanablogu, Marjut Salonen, raia wa Finland aliyeishi Uzbekistan miaka minane, alileta maelezo yake kwa maandishi kutoka Tashkent. Ukurasa mmoja na nusu. Alisema aliondoka Omonsoy tarehe kumi na tano Machi na hakurudi tena kabla ya ajali, kwamba makala aliichapisha akiwa Tashkent, na kwamba hakumbuki kuambiwa chochote kuhusu mbao.

Mukarram alimsomea mzee sentensi hiyo ya mwisho. Aliisoma mara mbili, akitaraji hasira, matusi, kitu chochote.

"Kama hakumbuki," mzee alisema taratibu, "labda nilimwambia vibaya. Kiuzbeki changu ni cha milimani. Msimtese."

Hapo ndipo Mukarram alipoumia. Aliinuka, akamsogezea bakuli la uji karibu, akatoka bila kuaga.

*

Ulmas Bekmirzayev, mkuu wa matangazo katika idara ya utalii ya mkoa, alikuwa mtu wa karatasi. Mezani kwake palikuwa na kalamu tatu za wino wa kijani, zote zimeelekea upande mmoja.

"Karibu, Kapteni. Chai nyeusi au ya kijani?"

"Jalada la Omonsoy."

"Jalada halinyweki."

"Leo nitalinywa. Mkataba wenu na Marjut Salonen, kifungu cha sita. Idara itasoma makala kabla haijachapishwa. Mliisoma?"

"Tunasoma kila kitu."

"Mkakata nini?"

Ulmas akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Ndiyo hayo! Kila anayeingia hapa ameshatuhukumu tangu mlangoni. Dada yangu, unajua yule mama alivyonitoa jasho kwa kifungu hicho? Wiki tatu! Sisi tulitaka haki ya kubadilisha. Yeye anasema someni tu, mkigusa neno moja nauchana mkataba. 'Mimi si mpiga debe wenu.' Maneno hayo kayasema mbele ya mkurugenzi wangu!"

"Na mkurugenzi akakubali?"

"Angefanyaje? Vipeperushi vyetu hakuna mtu anayeviamini, hata mke wangu. Yeye watu wanamwamini kwa sababu hatusifii. Akishaanza kutusifia sisi, tumenunua nini?"

"Basi nionyeshe mlichosoma."

Ulmas akatazama mlango. Kabati la majalada lilikuwa nyuma yake, limepangwa kwa miezi, lakini hakuligeukia. Aliinama, akafungua droo ya chini ya meza yake kwa ufunguo, akatoa bahasha.

"Mbona haiko kabatini na wenzake?" Mukarram aliuliza.

Ulmas akamsogezea bahasha. Akafungua kurasa moja moja. Ukurasa wa tatu, katikati, ulikuwa na mistari minne:

*Daraja la Omonsoy ni la zamani na mbao za katikati zimeoza. Wanakijiji wanasema vuka peke yako, usivuke na mwenzako. Mvua ikinyesha, kaa siku mbili unywe chai kwanza. Ile michoro imesubiri miaka elfu tatu, itakusubiri na wewe.*

Pembeni palikuwa na alama ya kukubali kwa wino wa kijani, na neno moja: *Ibaki.* Chini kabisa, muhuri wa idara, tarehe tisa Aprili.

Mukarram alisoma tena, akauinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna kilichofutwa wala kubandikwa. Njia nzima alikuwa amejiandaa kumchukia mtu huyu, na sasa chuki yenyewe ilikosa pa kukaa.

"Wiki tano mzee wa watu yuko ndani," alisema. "Wiki tano, Ulmas!"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Usinifanye mtoto."

Ulmas akajikuna shingo. "Karatasi hiyo inasema tulijua. Tarehe tisa Aprili tulijua mbao zimeoza, na hatukupeleka hata msumari. Unafikiri wataniacha kwenye kiti hiki? Nina watoto watatu wanasoma."

"Kwa nini basi hukuichana?"

Alishtuka kweli kweli, kama ameulizwa kwa nini hakumchinja mama yake.

"Ina muhuri, dada. Mtu hachani kitu chenye muhuri."

"Na makala ilipotoka bila mistari hii, ulinyamaza pia?"

"Ilitoka bila?"

Mukarram akamtazama usoni. Rangi ilikuwa imemtoka Ulmas.

"Hukuisoma ilipotoka?"

"Sisi tunasoma kabla," Ulmas alisema. "Ikishapigwa muhuri imekwisha. Ningesoma tena ya nini? Mimi... mimi nilidhani wale wageni walisoma wakapuuza. Siku zote hizi nilikuwa nawalaani wao."

Kwenye ngazi za nje Mukarram alimpigia simu mwendesha mashtaka, akamsomea ile mistari. Mwendesha mashtaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Imeandikwa 'wanakijiji', Kapteni. Wanakijiji gani? Wakili wa idara atasema ni muuza tufaha. Niletee mtu atakayesema kwa jina kwamba ni Eshqobil aliyeonya. Bila hivyo, saa nne asubuhi naipeleka kesi kama ilivyo."

Mtu wa kusema hivyo alikuwa mmoja tu, na alikuwa ameshaandika kwamba hakumbuki.

*

Omonsoy ni mwendo wa saa mbili kutoka mjini, na saa ya pili yote ni mawe. Kwa Saodat, mama yake Oysuluv, walikuwa wakijiandaa. Kesho yake ilikuwa arobaini ya binti yao. Uani sufuria kubwa za pilau zilikuwa zimeshapangwa kwenye mafiga, na Saodat mwenyewe alikuwa mbele ya tanuri, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, akibandika mikate.

"Umekuja kwa ajili ya arobaini au kwa ajili ya kazi?" aliuliza bila kugeuka.

"Kazi, dada. Nisamehe."

"Usijali. Ingia ndani upate kivuli, nakuja. Marjut naye kafika asubuhi, yuko bustanini anamenya karoti. Mmenya karoti gani yule, anazimaliza kwa kisu! Lakini kakataa kukaa bure."

Mukarram akaingia sebuleni. Magodoro sita mapya yalikuwa yamekunjwa ukutani, bado yamefungwa kamba za dukani. Juu yake, kwenye misumari, ilining'inia mikate miwili mikavu, kila mmoja umeng'atwa upande. Nyumbani kwao Mukarram nako kuliwahi kuwa na mkate namna hiyo, kaka yake alipokwenda jeshini. Anayesafiri mbali huung'ata siku ya kuondoka, na unamsubiri ukutani mpaka arudi aumalize.

Akasogea karibu. Ule wa kwanza, mkavu kabisa, katikati yake ulikuwa umetobolewa maua madogo madogo ya duara. Wa pili maua yake yalikuwa tofauti, nyota moja kubwa yenye ncha nane. Akachungulia kupitia dirishani mikate iliyokuwa ikitoka tanurini. Nyota ile ile.

Saodat aliingia na birika.

"Hii ya nani?" Mukarram aliuliza.

"Ule wa mwanangu Hamdam, yuko Urusi anajenga maghorofa, mwaka wa pili sasa. Huu wa Marjut. Amekuja leo lakini hajaushusha. Kasema hawezi kuumeza."

"Muhuri wa kutobolea mikate umebadilisha?"

"Wa zamani ulivunjika siku ya Navruz, nao ulikuwa wa bibi yangu. Nililia kama mjinga. Oysuluv akaenda soko la mjini baada ya wiki mbili, akaniletea huu." Akamimina chai nusu kikombe, kama anavyomiminiwa mgeni wa heshima. "Alichagua mwenyewe."

Navruz, sikukuu ya mwaka mpya, ni tarehe ishirini na moja Machi. Ongeza wiki mbili, unaingia Aprili. Marjut Salonen aliapa aliondoka kijijini tarehe kumi na tano Machi na hakurudi. Basi mkate wenye nyota aliung'ata lini?

"Aliondoka lini safari hiyo, dada? Unakumbuka siku?"

Birika likasimama hewani. Saodat alimtazama mpelelezi, kisha akautazama mkate ukutani, na kitu usoni pake kikafungwa.

"Aprili," alisema. "Katikati. Makala ilipotoka alikuwa hapa. Tulishangilia wote." Akaliweka birika chini. "Mikate yangu itaungua," akasema, akatoka.

*

Marjut alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mzabibu, kitambaa cheupe cha msiba kichwani, rundo la karoti mbele yake. Alikuwa na miaka hamsini na kidogo, na Kiuzbeki chake kilikuwa safi kuliko cha watu wengi wa mjini. Mukarram akakaa mkekani, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya.

"Unakata nene," Mukarram alisema.

"Naambiwa kila mwaka."

"Dada Marjut, uliondoka hapa lini, kabla ya ajali?"

"Nimeshaandika. Machi, tarehe kumi na tano."

"Mkate wako umepigwa muhuri ulionunuliwa Aprili."

Kisu cha Marjut kikasimama. Mukarram akafuta mkono wake, akatoa bahasha, akaweka ukurasa wa tatu juu ya karoti.

"Na hii ni yako?"

Marjut hakuhitaji kuisoma. Alitazama lile neno la kijani pembeni, akaanza kulia bila sauti, machozi yanadondoka tu, hayafuti.

"Waliiacha," Mukarram alisema. "Idara. Nilikwenda kule kumfunga pingu mtu aliyeifuta, nikakuta kaandika ibaki. Nani aliifuta?"

"Mimi."

"Wapi?"

"Pale sebuleni. Tarehe kumi na mbili, mchana." Akavuta pumzi. "Muhuri wa idara ulikuwa umeingia kwenye simu yangu, nikafungua kompyuta nichapishe. Nilikuwa na furaha, unaelewa? Nilikuwa nimewashinda. Wiki tatu za kubishana, na hawakugusa hata nukta. Oysuluv akaja akakaa karibu, anasoma Kiingereza kwa sauti. Alifanya hivyo siku zote, kujifunza. Alipofika kwenye daraja akanyamaza. Akasema, dada, ukiandika hivi nani atakuja?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni kwa usalama wao. Akasema anajua. Akabaki ameketi tu, kainamisha kichwa. Hakusema tena." Marjut akashika kitambaa chake kwa mikono miwili. "Nimekula katika nyumba hii miaka minane. Mama yangu alipofariki huko kwetu, hapa ndipo nilipoomboleza, Saodat ndiye aliyenifunga kitambaa. Nikajiambia, nitaitoa sasa, nitairudisha daraja likishatengenezwa. Nikafuta. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate."

"Miaka yote hiyo unapigana na serikali."

"Na haikunishinda!" Alisema kwa ukali wa ghafla, kisha ukali ukaisha. "Nilikuwa najisifu kwa wasomaji wangu kwamba sina bwana. Nilichunga mlango wa mbele, Kapteni. Kumbe mimi naweza kuombwa na mtoto ninayempenda, basi, nikafuta."

Mukarram alikuwa na huruma, lakini alikuwa pia na hasira, na hasira ndiyo iliyotangulia.

"Na mzee Eshqobil?"

Marjut akaokota karoti, akaiweka chini tena.

"Alikwambia au hakukwambia?"

"Aliniambia. Alinipeleka darajani, akahesabu mbao kwa fimbo yake. Daftari ninalo hapa, jina lake limo."

"Na ukaandika kwamba hukumbuki! Unajua leo amesema nini? Amesema msimtese, labda mimi ndiye niliyesema vibaya."

Marjut akaziba uso.

"Ningesema aliniambia, mngeniuliza maneno yalikwenda wapi. Ningemjibu nini mama huyu? Binti yako ndiye aliyeomba yafutwe? Amezika mtoto, halafu nimrudishie na hilo? Nilidhani mtamwachia mzee. Hakuna ushahidi, nikadhani mtamwachia."

"Kila mtu katika jalada hili alidhani," Mukarram alisema. Akatoa fomu ya maelezo mkobani, akaiweka mkekani. "Utaandika upya. Sasa hivi, hapa hapa."

"Kuhusu mzee nitaandika kila kitu. Nitasaini mbele ya nani unayemtaka. Lakini kuhusu Oysuluv, nakuomba. Andika nilifuta mwenyewe. Ni kweli, nilifuta mwenyewe. Mama yake asijue kwamba yule mtoto aliomba."

Mukarram alishika kalamu bila kuifungua. Kwa sheria, kumwokoa mzee kulihitaji mambo mawili tu, kwamba alionya na kwamba aliyeonywa aliandika. Sababu ya kufuta ingeweza kubaki nje ya jalada na kesho jua lingechomoza kama kawaida. Alikuwa anakaribia kuitikia.

"Usimsingizie mwanangu."

Saodat alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta wa jiko, unga bado mikononi. Hawakujua alisimama pale tangu lini.

"Saodat," Marjut aliinuka, "dada yangu, mimi sikutaka..."

"Kaa. Oysuluv hakuomba kitu. Nilimtuma mimi."

Marjut akakaa.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," Saodat alisema. "Eshqobil alishaniambia kwamba amekuonyesha mbao na wewe umeandika. Nikamwambia mwanangu, nenda kwa dada yako, wewe anakupenda, hatakukatalia. Akasema, mama, lile daraja limeoza kweli. Nikamwambia, na magodoro sita je? Tumepaka nyumba chokaa, tumejenga choo cha kizungu, wageni wakiogopa tutalalia wenyewe? Nikamwambia wewe huna uchungu na kaka yako aliyeko kwenye baridi ya watu. Nilimwambia maneno mengi. Ndipo akaenda."

Sauti yake ilikuwa kavu. Machozi alikuwa ameshayamaliza siku nyingi, au labda alikuwa ameyaweka akiba kwa ajili ya kesho.

"Ulipoondoka hakunisemesha mpaka jioni. Halafu akaja hapa tanurini, akasema, mama, yale maneno yameondolewa kwenye makala. Basi nitayasema mimi. Kila mgeni atakayekwenda darajani nitakwenda naye, nimwambie kwa mdomo wangu, mmoja mmoja. Nikacheka. Nikamwambia, haya, utakuwa bango." Saodat akatazama mikono yake. "Akaenda kila siku. Wale sita aliwaambia. Wenyewe walinieleza siku ya mazishi, wanalia, wanasema aliwaambia, ila wao walikuwa wanapiga picha."

Huko uani mwanamke mmoja aliita kuuliza chumvi iko wapi. Marjut alinyoosha mkono kumshika Saodat, na Saodat hakuuondoa mkono, lakini pia hakuupokea.

"Umejua yote hayo," Mukarram alisema, "na mzee wa watu uko naye ukuta kwa ukuta miaka yote."

"Mke wake kaniletea maziwa kila asubuhi tangu msiba," Saodat alisema. "Kila asubuhi. Nayapokea, namshukuru, nafunga mlango. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize. Leo umeniuliza habari za mkate." Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja baada ya kingine, akakaa mkekani mbele ya fomu. "Atatoka lini?"

"Mkisema haya yote mawili, wewe na Marjut, kesho kabla ya mchana."

"Basi asipitie kwake. Mlete hapa moja kwa moja. Dua haitaanza bila yeye. Oysuluv alikuwa anamwita babu."

"Nitamleta mwenyewe."

"Na wewe," Saodat alimwambia Marjut, bila kumtazama, "andika ya kwako. Yote. Si kwa polisi tu. Andika na pale unapoandikaga, wasome."

Marjut akaitikia kwa kichwa. Akavuta fomu yake, akaanza na jina la mzee.

Mukarram alifungua kalamu. Saodat alisema na yeye akaandika, bila kupamba na bila kupunguza. Pazia, magodoro, maneno aliyomwambia binti yake. Ilichukua kurasa mbili. Walipofika mwisho, Mukarram akamgeuzia karatasi na kumwonyesha mahali pa kuweka sahihi, lakini Saodat hakuchukua kalamu.

"Umeandika alikwenda kumwomba Marjut," alisema.

"Ndivyo ulivyosema, dada."

"Kabla ya hapo, ongeza kwamba alikataa." Kwa mara ya kwanza sauti ilimkatika. "Nilipomtuma mara ya kwanza, alikataa. Liandike hilo. Nataka lisomwe mahakamani, watu wote wasikie. Mwanangu alikataa."

Mukarram akaandika. Akamsomea mstari huo kwa sauti, kisha akamsomea tena, kwa sababu Saodat aliomba, na baada ya mara ya tatu ndipo mama huyo alipochukua kalamu akasaini.